Nyimbo za Baba Neema Nyuma ya Kadi

Mpendwa Baba Neema,

Habari za huko uliko sikuulizi, maana hutanijibu na mie nitaumia bure. Nakuletea za huku.

Send-off ya kumuaga Neema imepita. Imepita salama, watu wamekula wakashiba, na binti yetu alipendeza mpaka nikamwonea wivu, mie niliyemzaa. Ningeweza kuishia hapo, lakini nakujua. Mtu akikupa habari kwa kifupi ulikuwaga unamrudisha mwanzo. "Hapana, Mama Neema, anzia ulipotoka nyumbani." Haya, naanzia nilipotoka nyumbani.

Uliniacha na steshenari yetu ya Gongo la Mboto, natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, nalaminisha vyeti vya watoto wa watu. Hayo yote bado nafanya. Ila siku hizi kinacholeta watu dukani ni QR. Najua hukuzipenda. Ulipoiona ya kwanza kwa kinyozi uliuliza nani kamchafulia ukuta. Ni kile kiraba chenye vidoti vyeusi vingi, mtu anakielekezea kamera ya simu, simu inamfungulia kitu. Zangu mie zinafungua muziki.

Usinicheke. Dada wa saluni anataka wateja wake wakikaa kwenye drayeri waskani, wapate taarabu mfululizo bila yeye kushika simu na mikono yenye dawa. Dereva wa bajaji anataka abiria akiipenda singeli yake aondoke nayo. Kwaya ya vijana inataka nyimbo zake ziwe kwenye kalenda. Basi mie naingia kwenye programu ya muziki, napanga nyimbo moja baada ya nyingine, nanakili linki, naipeleka kwenye tovuti inayoigeuza kuwa viraba, naprinti. Ni rahisi kuliko kuchambua dagaa. Ugumu uko kwenye rangi. Mabibi harusi wanapenda waridi juu ya krimu, na hapo kamera haioni kitu. Nawaambia iwe nyeusi juu ya nyeupe, na pembeni paachwe peupe, wananuna. Kila moja naijaribu kwanza kwa ile simu yako yenye kioo kilichopasuka. Ikisoma kwenye simu hiyo, itasoma kwa yeyote.

Sasa, posa ya Neema ilipokwisha kupokelewa na tarehe ikapangwa, tulikuwa dukani siku moja sie wawili, anakata stika, mie nahesabu bahasha. Akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, nitaingia ukumbini na nani?"

"Na baba mdogo wako. Si tumeshakubaliana?"

"Najua. Nauliza, Baba atakuwa wapi?"

Baba Neema, miaka mitatu nimejibu maswali ya mtoto huyu. Nimejibu ya ada, ya chuo, ya mchumba. Kwa hilo nikafungua droo. Nikajifanya natafuta mkasi, naye mkasi anao mkononi. Ndipo akasema anachotaka. Alitaka aingie ukumbini na wimbo wa pasi.

Wewe hukujua kwamba tunauita hivyo. Tulikuwa tunauita hivyo mimi na yeye, jikoni. Jumapili tukitoka kanisani hukutaka mtu akusaidie kupiga pasi. Ulikuwa unatandika blanketi juu ya meza ya chakula, unatia mkaa kwenye pasi hata kama umeme upo, eti pasi ya umeme haina uzito. Unaweka kanda kwenye redio, na nyumba nzima inajua Baba anajiandaa na wiki. Mashati yako ya kwenda nayo ghalani, sketi za shule za Neema, hata vitambaa vya makochi ukikolea. Muziki wa dansi mwanzo mwisho. Na kulikuwa na ule mmoja unaoanza na gita peke yake, taratibu, halafu gita la pili linaitikia, na mwimbaji anachelewa kuingia mpaka mgeni anadhani hayupo. Ukifika pale magita yote yanapoachiwa, ulikuwa unainua pasi juu, unafumba macho, unangoja.

"Sikilizeni hapo," ulikuwa unatuambia. "Huyu mtu hana haraka kabisa."

Siku moja ulifumba macho ukasahau kuinua pasi. Sketi ya Neema ikapata alama nyuma, umbo la pasi kamili. Nilikufokea, unakumbuka. Nikataka kumnunulia nyingine, mtoto akakataa katakata. Aliivaa hivyo hivyo mpaka mwisho wa muhula, na wenzake wakimuuliza anawaambia, "Kanichora Baba."

Kwa hiyo sikushangaa alipoutaka wimbo huo. Nilijua tu kwamba pa kupita ni kwa shemeji Asajile.

Mdogo wako, Baba Neema, sina la kumlaumu. Tangu tukuzike amesimama kila mahali ulipotakiwa kusimama wewe. Kutoka Bunju mpaka huku kwetu ni kuuvuka mji mzima, lakini hajakosa kikao hata kimoja, akitoka darasani anakuja na chaki bado ziko kwenye mkono wa shati. Yeye ndiye aliyepokea posa. Yeye ndiye aliyemhoji mkwe wetu mpaka kijana wa watu akatoka jasho. Ndiyo maana aliposema hapana, hapakuwa na mtu wa kumrudishia neno.

Tulikuwa sebuleni, kikao cha ndugu. Nikalitoa jambo lenyewe vizuri, kwa adabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Shemeji, hapana. Ile ni sherehe. Tukipiga nyimbo za marehemu mtu mmoja ataanza kulia, ukumbi mzima utafuata, na mtoto ataharibikiwa siku yake. Kamati imeshachagua wimbo wa kuingilia. Tuachie hapo."

Wakubwa wengine wakatikisa vichwa kwamba kweli. Neema aliinuka kwenda jikoni, na nikamsikia anaosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha. Nilimkasirikia shemeji siku ile, nakwambia ukweli. Nilimpa chai, sukari nikamwekea kama anavyopenda, lakini roho ilikuwa inachemka. Niliona anamfukuza kaka yake mlangoni.

Usiku nikawaza, asubuhi nikampigia simu. Nikamwambia, shemeji, kadi za mwaliko nachapa mwenyewe dukani. Nyuma ya kadi hakuna kitu. Naomba niweke QR ndogo, yenye nyimbo alizokuwa anapenda Baba Neema. Anayetaka ataskani akiwa kwake, asiyetaka basi. Alivuta pumzi.

"Nyuma ya kadi sawa," akasema. "Ila ukumbini zisisikike."

Nilimuahidi, na sikuwa na nia nyingine. Neema alipoipata habari alinikumbatia akiwa na gundi mikononi, akaniharibia blauzi.

Tukaanza kuzitafuta. Baba Neema, wewe mtu mzima, karani wa ghala, kazi yako ni kuandika mzigo gani uko wapi, kanda zako mbona hukuziandika? Moja imeandikwa "Nzuri". Nyingine "Nzuri zaidi". Mie na Neema tulicheka mpaka tukakaa chini. Redio yenyewe ilishakufa, kwa hiyo tulitegemea kumbukumbu. Neema anaimba kipande, mie naongezea, tunatafuta mtandaoni, tunapata. Kila wimbo tulioupata nilikuona umesimama pale mezani na fulana yako ya ndani, umeninyooshea kidole ninyamaze kwa sababu nzige wa redio, zile kelele za mikwaruzo, wamepungua na sauti imekaa sawa. Jioni hizo zilikuwa nzuri. Tulizipanga kama ulivyokuwa unazipanga, za taratibu kwanza, za kuchangamka mwisho mashati yakibaki machache.

Wimbo wa pasi ndio uliotusumbua. Jina hatulijui, maneno tunayajua nusu. Neema akaiimbia simu lile gita kwa mdomo, ndi-ndi-ndi, ile programu ya kutambua nyimbo ikatuletea wimbo wa watu wa mbali huko, wanapiga filimbi. Mwishowe nikampigia Mzee Kondo, yule mliyefanya naye kazi ghalani Kiwalani. Nikampa Neema simu, akamwamkia, akamwimbia ndi-ndi-ndi. Mzee hakumwacha amalize.

"Huo mbona baba yako alikuwa anatupigia mluzi mchana kutwa," akasema, na jina akalitaja hapo hapo.

Tukauweka wa kwanza. Nikatengeneza QR, nyeusi juu ya nyeupe, pembeni peupe, na chini yake nikaandika: Nyimbo za Baba Neema, sikiliza ukifika nyumbani. Nikaijaribu kwa simu yako. Gita likaanza lenyewe pale dukani, mbele ya mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Neema akageukia ukutani. Mteja wa watu akasema wimbo mzuri, akaondoka na kukisahau kitambulisho.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo lililofanya niandike barua hii. Kadi za siku hizi zina QR mbele pia, ya kuingilia. Kamati ndiyo inayoitoa. Mlangoni inaskaniwa ili kadi moja isiingize watu wawili, watatu, maana Dar unaijua, kadi moja inaweza kuingiza ukoo. Kwa hiyo kadi ya Neema ilikuwa na QR mbili, ya kamati mbele, ya kwako nyuma. Na aliyewekwa mlangoni alikuwa Mama Upendo, jirani yetu wa nyumba ya bati jekundu. Nilimpa maji, nilimpa kiti, nilimwonyesha sare yake inavyofungwa. Kwamba QR ziko mbili sikumwambia. Mie nilizichapa kwa mikono yangu, ikawa kama dunia nzima inajua.

Siku yenyewe nilifika ukumbini mapema, jua bado halijashuka. Neema alikuwa bado saluni na mpambe wake. Shemeji alikuwa ndani na watu wa viti, amevaa suti ya kijivu, mkali kama yuko kwenye mtihani wa taifa. Mama Upendo ameketi mlangoni na simu yake, na simu ameiunganisha na spika ndogo iliyokuwa inapiga kwaya ya kukaribisha wageni.

Wa kwanza kufika ni Mzee Kondo. Wazee wa zamani wanafika saa iliyoandikwa. Nikamwamkia, akaitikia, akamkabidhi Mama Upendo kadi kwa mikono miwili, imelala kifudifudi. Mama Upendo akaona kiraba, akaskani. Kwaya ikakatika. Gita likaanza.

Mzee alikuwa ameshainua mguu kupita. Akaushusha. Akanitazama, akatazama spika, kisha akaanza kucheka kwa sauti ndogo huku machozi yanamtoka, na mabega yake yakaanza kucheza taratibu. "Huyu ni yeye," akasema. "Huyu ni yeye kabisa." Akaingia ndani hivyo hivyo, anacheza.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Sikuweza. Masikio yalikuwa yanataka kusikia zaidi. Na Mama Upendo naye akawa ameshaelewa mambo kwa namna yake. Alidhani kamati imeweka ujanja mpya, kwamba kadi halali inaimba. Akaendelea kugeuza kadi za watu nyuma moja baada ya nyingine. Gita linaanza, mgeni anaingia. Gita linaanza upya, mgeni mwingine anaingia. Wale mliosali nao jumuiya moja wakasimama kwanza, wakatazamana, wakaingia wakicheza. Wasiokujua wakaona wenzao wanacheza, wakadhani ndiyo utaratibu, nao wakaingia wakicheza. Kaka mmoja alikuja na kadi imeloa jasho upande wa nyuma, haikusoma, akageuza mbele ikasoma kimya. Mama Upendo akamwambia, "Yako haiimbi, kaka yangu. Simama pembeni kidogo."

Nilikuwa nacheka na nalia pamoja, nimejishika ukuta, ndipo nikamwona shemeji Asajile anatoka ndani.

Nilimuahidi, Baba Neema. Nilimuahidi kwa mdomo wangu, na sasa wimbo unapigwa kwenye spika mbele ya watu wote. Nilijua atauzima, na atakuwa na haki, na Neema akifika atakuta kwaya, na hapo tena sitakuwa na njia nyingine ya kumletea baba yake. Alisimama kizingitini. Mama Upendo akaskani kadi, gita likaanza. Akaskani nyingine, likaanza upya. Kila lilipokatika nikamwona shemeji anakunja uso.

"Shemeji," nikaanza, "mie sikupanga..."

Akaninyooshea mkono ninyamaze. Kisha akamgeukia Mama Upendo.

"Dada, usiskani kwanza. Unaukata kabla haujafika. Acha ufike."

Watu wa foleni wakasimama. Mama Upendo akaweka simu mapajani. Gita la kwanza likatembea, la pili likaitikia, mwimbaji akachelewa kuingia kama kawaida yake. Na pale magita yote yalipoachiwa, mdogo wako alifumba macho, mikono imekaa mbele ya tumbo. Wimbo ulipokwisha akatoa leso.

"Nilipokuja kutoka Tukuyu nililala kwake, chumba kimoja, kitanda kimoja," akaniambia. "Usingizi ukikataa alikuwa ananiwekea huu. Tangu tumzike sijausikia. Shemeji, sikuwa naogopea wageni. Nilikuwa naogopea miguu yangu. Nitamfikishaje mtoto mbele ya watu huku nalia?"

Hasira yote niliyokuwa nayo juu yake ilikwisha. Nilikuwa nimemwona mgumu, kumbe mwenzangu alikuwa anakulilia kimya kimya huko Bunju.

"Utalia huku unatembea," nikamwambia. "Si utakuwa umemshika mkono?"

Alifuta uso, akakunja leso vizuri, akaingia ndani, na nikamwona anamwinamia DJ sikioni.

Neema alifika jua linazama. Mama Upendo alikuwa ameshaelekezwa, anaskani mbele, wageni waliobaki wanaingia kimya. Mtoto hakujua chochote. Alishuka kwenye gari akashikilia gauni, akanibusu, akampa baba mdogo wake mkono. MC akaita jina lake. Watu wakasimama. Milango ikafunguliwa, na badala ya wimbo wa kamati likaja lile gita, peke yake, taratibu.

Neema aliganda. Nilikuwa nyuma yake.

"Ba'mdogo," akasema, "huu si..."

"Baba yako ameshaingia," shemeji akamwambia. "Waliotangulia humo ndani wameingia naye. Tumebaki sisi wawili. Twende."

Wakaenda. Wimbo wenyewe hauna haraka, na wao hawakuwa na haraka. Mdogo wako alilia kutoka mlangoni mpaka kwenye jukwaa, machozi yanamwagika mpaka kwenye tai, na hakukosea hatua hata moja. Binti yetu hakulia. Alikuwa anatabasamu kama zile Jumapili, anatazama huku na huku kwenye nyuso za watu, taratibu, kama anayemtafuta mtu anayejua yumo. Ukumbi haukuharibika. MC, ambaye hanyamazi hata akila, alinyamaza.

Harusi ilifuata, nayo ikapita. Neema sasa yuko kwa mumewe, ananipigia simu kuniuliza maharage yanaungwaje, wakati nilimfundisha. Shemeji aliniomba ile QR yako. Nilimprintia kubwa, nikailaminisha, akaibandika ndani ya kabati lake la vitabu. Nyumba imekuwa tulivu sana. Mchana sina neno, nina duka. Jioni nakukosa, nakukosa kweli kweli, na sitaki kukuficha hilo kwa sababu hukuwahi kunitaka nijikaze.

Ila kuna mzigo mmoja nimeutua. Tangu ulipofariki nilikuwa naogopa siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Niliogopa nitamtoa binti yetu peke yangu. Baba Neema, sikumtoa peke yangu.

Lala salama, baba wa mwanangu. Mie bado nipo.

Mkeo,
Mama Neema